Jinsi ya kufundisha falsafa kwa video za kuchekesha

Video ya kuchekesha huingia darasani kirahisi na hutoka bila kuacha kitu. Wanafunzi wanacheka, mwalimu anafurahi kwamba darasa limechangamka, kengele inalia, na wiki inayofuata wanachokumbuka ni sura ya mchekeshaji. Mara nyingi video yenyewe haina kosa. Kosa ni kwamba ilichaguliwa kwa sababu inachekesha, wakati ilipaswa kuchaguliwa kwa sababu ndani yake mna hoja. Kichekesho kinachofaa somo hili humchukua mtu aliyekubali kauli fulani, kisha humfikisha mahali ambapo kauli ileile inamuumbua. Mwanafunzi anayecheka ameshauona ukinzani, ila hajaweza kuutaja. Kipindi kizima ni kazi ya kumfikisha kwenye kuutaja.

Hatua zilizo hapa chini zinamfaa mwalimu wa kidato cha tano na sita anayefundisha mada ya falsafa, mkufunzi wa falsafa ya elimu chuoni, na yeyote anayefundisha mantiki na maadili kwa wanaoanza. Zimepangwa kwa kipindi cha dakika 40, darasa lenye skrini moja, na wanafunzi wasio na simu mkononi.

1. Andika hoja kabla ya kutafuta video

Chukua karatasi. Andika swali moja la kifalsafa, kisha chini yake hoja moja yenye kauli tangulizi mbili au tatu na hitimisho. Usiende intaneti kabla karatasi hiyo haijajaa. Ukianza na video utajikuta unatafuta somo la kuibandika, na somo linalobandikwa huonekana.

Dhana moja kwa kipindi inatosha: fasili na mfano pinzani, au tofauti kati ya hoja sahihi kimuundo na hoja yenye kauli za kweli, au uhuru wa kuchagua. Ukitaka zote tatu kwa klipu moja utapata mjadala mpana usio na mwisho.

2. Chagua kipande kwa aina ya kicheko

Wanafalsafa wenyewe wameshughulika na swali la kwa nini tunacheka, na majibu yao yanafaa kama chekecheke ya kuchagulia. Thomas Hobbes, katika Leviathan ya mwaka 1651, alisema kicheko ni fahari ya ghafla inayotujia tukijilinganisha na udhaifu wa mwingine. Immanuel Kant, mwaka 1790, alisema tunacheka pale matarajio yaliyovutwa sana yanapogeuka ghafla kuwa si kitu. Henri Bergson, katika kitabu chake cha mwaka 1900 kuhusu kicheko, aliona kinachochekesha ni binadamu kufanya mambo kama mashine pale alipotakiwa kuwa mwepesi wa kubadilika.

Sasa pitia klipu zako. Zile za Kant, ambazo akili inaelekezwa huku kisha inajikuta kule, ndizo bora kwa mantiki na nadharia ya maarifa. Zile za Bergson, mtu aliyenaswa na mazoea yake hadi anajiumiza, zinafaa mada ya uhuru, desturi na utii wa kanuni. Zile za Hobbes ziogope. Klipu inayocheka lafudhi ya kabila, ulemavu, ualbino au umaskini wa mtu itawagawa wanafunzi kabla hujasema neno, na yule aliye kwenye shabaha hatachangia kitu kipindi hicho wala kinachofuata. Ukiitumia, iwe kwa sababu moja tu: somo lenyewe ni kuhusu maadili ya kucheka.

Jaribio la haraka: simulia kichekesho kwa sentensi tatu, bila kuigiza sauti wala uso. Hoja ikibaki imesimama, kipande kinafaa. Kikibaki kitupu, basi kilichokuwa kinachekesha ni mchekeshaji, si wazo. Achana pia na kichekesho kinachoning'inia kwenye neno lenye maana mbili, maana utatumia dakika kumi kueleza neno.

Urefu: sekunde 60 hadi dakika 3. Dakika 4 ni mwisho, tena kwa darasa linaloijua mada tayari.

3. Tafuta mahali pa kusimamisha

Hapa ndipo walimu wengi hupoteza somo, kwa sababu wanaicheza video hadi mwisho. Klipu ya falsafa huchezwa mara mbili, na mara ya kwanza hukatwa sekunde moja au mbili kabla ya neno linalochekesha. Darasa likiulizwa wakati huo “Atajibu nini?”, linalazimika kufikiri kwa kauli zilizokwisha tolewa. Ukikata baada ya kicheko, unawaomba waeleze kitu ambacho mwili umeshakimaliza.

Icheze klipu ukiwa peke yako na uandike nyakati tatu: kauli ya kwanza inapokubaliwa, kauli ya pili inapoingia, na neno la mwisho linapotamkwa. Programu ya kuchezea video iitwayo VLC inasaidia sana hapa: kitufe cha nafasi husimamisha, herufi E husogeza picha moja moja, na alama ya [ hupunguza kasi. Andika nyakati hizo kwenye andalio la somo. Usitegemee kumbukumbu, kwani ukichelewa sekunde mbili jibu limeshatoka.

4. Andaa faili, sauti na maandishi

Pakua video mapema na uiweke kwenye kompyuta, na nakala kwenye flashi. Kucheza moja kwa moja kutoka intaneti ni kukaribisha duara linalozunguka katikati ya sentensi, na kichekesho kilichokatika hakirudi. Ubora wa 480p unatosha. Umbo la faili liwe MP4 yenye picha za H.264 na sauti ya AAC. Simu nyingi mpya hurekodi kwa H.265, na televisheni au kompyuta ya zamani huionyesha kiza tupu yenye sauti, au hukataa kabisa. Ukitumia televisheni, andaa flashi kwa mfumo wa FAT32 ambao karibu zote huusoma. Kikomo chake cha gigabaiti 4 kwa faili moja hakikuhusu kwa klipu fupi. Ukitumiwa klipu kwa WhatsApp, omba itumwe kama dokumenti, si kama video, la sivyo inabanwa na maandishi hayasomeki.

Sauti ndiyo tatizo kubwa kuliko picha. Spika za kompyuta hazifiki benchi la nyuma la darasa la watu 60, na mvua ikianza kupiga bati hata spika nzuri haisaidii. Weka spika ya nje katikati ya darasa, kwenye usawa wa masikio ya waliokaa, si mbele sakafuni. Kisha weka maandishi chini ya picha, hata kama video ni ya Kiswahili. Huo ndio bima yako dhidi ya mvua, feni na darasa la jirani linaloimba.

Maandishi hayo huandikwa kwa Notepad na kuhifadhiwa kwa UTF-8, faili ikipewa jina lilelile la video lakini ikiishia na .srt, zote mbili kwenye folda moja. Kila kipande kina namba, muda na maneno:

1
00:00:04,200 --> 00:00:06,800
Jirani, sufuria yako imezaa.

2
00:00:07,300 --> 00:00:09,000
Imezaa? Hebu nione.

Kabla ya milisekunde weka mkato, si nukta. Mistari isizidi miwili, na kila mstari usizidi herufi 40 hivi. Na jambo ambalo watu husahau: neno linalochekesha lipewe kipande chake peke yake, kianze pale linapotamkwa. Ukiliunganisha na sentensi iliyotangulia, wanaosoma haraka watacheka kabla ya mwigizaji kufungua mdomo, na mahali pako pa kusimamisha patakuwa hapana maana. Maandishi yakitangulia au kuchelewa, VLC huyasogeza kwa herufi G na H.

Siku ya kipindi, nenda darasani mapema. Funga upande wa dirisha unaoelekea jua kwa kitenge au karatasi nzito, kaa benchi la mwisho, usome maandishi kwa macho yako. Usipoyasoma wewe hatayasoma yeyote. Umeme ukikatika, kompyuta yenye betri inaendelea lakini televisheni na projekta vinazima. Kwa hiyo chapa maneno ya klipu kwenye nusu ukurasa ili wanafunzi wawili wayasome kwa kuigizana. Mara nyingine igizo hilo la dharura hufanya kazi vizuri kuliko video, kusema kweli.

Mwisho wa maandalizi, andika ubaoni jina la mwenye video. Kuonyesha kipande kifupi darasani kwa ajili ya kufundisha ni jambo moja. Kukipandisha tena kwenye ukurasa wako kama mali yako ni jambo jingine, na sheria za hakimiliki hazilichekei.

5. Kipindi chenyewe, kwa mfano wa sufuria iliyozaa

Kisa hiki cha Abunuwasi kinajulikana pwani na bara. Abunuwasi anaazima sufuria kwa jirani, anairudisha ikiwa na sufuria ndogo ndani. “Imezaa,” anasema. Jirani anapokea zote mbili bila swali. Siku nyingine anaazima tena, na safari hii hairudishi. “Sufuria yako imekufa.” Jirani anakasirika: sufuria hufaje? Jibu: uliamini kwamba imezaa, mbona huamini kwamba imekufa?

Dakika 5 za kwanza, kabla ya video, andika ubaoni: “Ukikubali jambo kwa sababu linakufaidi, unaweza kulikataa linapokugharimu?” Kila mwanafunzi aandike jibu la sentensi moja daftarini. Bila sentensi hiyo, baada ya video wote watadai walikuwa na jibu sahihi tangu mwanzo.

Cheza klipu hadi jirani anapouliza “Sufuria hufaje?” Simamisha. Wanafunzi wa dawati moja wajadiliane kwa dakika 3 au 4: Abunuwasi atajibu nini? Waandike jibu. Kisha cheza hadi mwisho, na waache wacheke. Usinyamazishe kicheko, subiri kishuke chenyewe, kwa kawaida sekunde 20 hadi 30, halafu zima skrini kabisa. Skrini ikibaki na sura ya mwigizaji, macho hayarudi ubaoni.

Sasa dakika 12 za kazi halisi. Waombe wakupe kauli, wewe uandike:

Kila kinachozaa hufa.
Sufuria ilizaa.
Kwa hiyo sufuria hufa.

Uliza maswali mawili kwa mpangilio huu huu. Kwanza: kauli mbili za juu zingekuwa kweli, hitimisho lingelazimika kufuata? Ndiyo. Pili: kauli hizo ni za kweli? Ya pili si kweli. Hapo umepata, kwa mistari mitatu, tofauti kati ya hoja iliyo sahihi kimuundo na hoja iliyo sahihi kimuundo na yenye kauli za kweli pia. Mwanafunzi aliyekuwa akisema “hoja hii ni mbaya” analazimika kusema ni mbaya wapi.

Usiishie hapo. Uliza: je, Abunuwasi amethibitisha kwamba sufuria imekufa? Wengi watasema ndiyo. Hajathibitisha. Alichofanya ni kumfunga jirani kwa kauli ambayo jirani mwenyewe aliikubali. Mwanafalsafa Mwingereza John Locke aliieleza namna hii ya kubishana katika karne ya 17: kumsukuma mtu kwa matokeo ya kanuni zake mwenyewe. Inamnyamazisha mpinzani bila kuthibitisha jambo. Si sawa na kumtukana mpinzani badala ya kujibu hoja yake, ingawa jina la Kilatini ni lilelile, ad hominem, na wanafunzi wanaosoma vitabu vya mantiki huvichanganya kila mwaka.

Kisha bei ya kutoka. Jirani ana njia moja ya kujinasua: akane kauli ya pili, aseme sufuria haizai. Lakini akikana, sufuria ndogo aliyoipokea haikuwa mtoto wa sufuria yake, kwa hiyo airudishe. Acha wanafunzi wafike hapo wenyewe; ni dakika nzuri kuliko zote za kipindi hiki, na mwalimu mwenye haraka huwanyang'anya.

Kuna pingamizi ambalo hujitokeza karibu kila darasa: “Lakini Abunuwasi ni tapeli.” Pingamizi hilo ni mlango wa maadili, usilifunge. Alijua tangu mwanzo kwamba sufuria haizai. Jirani naye alijua, akanyamaza kwa sababu ya faida. Je, aliyenyamazia uongo unaomfaidi ana haki ya kulalamika? Kant angesema kudanganya ni kosa bila kujali aliyedanganywa ni mroho kiasi gani. Muda ukiwa mdogo, liandike pembeni mwa ubao uliweke kwa kipindi kijacho.

Dakika 7 za mwisho, bila video, toa hali mpya waandike: mfanyabiashara alikubali mizani yake ilipoonyesha uzito mdogo alipokuwa ananunua, sasa anauza na analalamika mizani ni mbovu. Andika hoja dhidi yake kwa kauli tatu, taja kile inachothibitisha na kile isichothibitisha. Kusanya karatasi. Hizo ndizo zitakazokuambia kama video ilifundisha kitu. Kumuuliza mwanafunzi “Umeipenda video?” hakupimi chochote.

6. Vipande vingine vinavyofaa, na kimoja cha kusubiri

Kwa fasili na mfano pinzani, kisa cha Diogenes, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, hakijapata mshindani. Plato anasemekana alimfasili binadamu kuwa mnyama wa miguu miwili asiye na manyoya. Diogenes akanyonyoa kuku, akampeleka kwenye chuo cha Plato: huyu hapa mtu wa Plato. Fasili ikaongezewa “mwenye kucha pana”. Ni klipu ya dakika moja ambayo unaweza kuitengeneza mwenyewe kwa kuku wa sokoni. Simamisha kuku anapotolewa mfukoni, uliza kosa la fasili liko wapi: inaingiza visivyotakiwa, au inaacha vinavyotakiwa? Baadaye waombe wafasili “kiti” au “mchezo”, na dawati la jirani lilete kuku wake.

Kwa dhana ya umiliki kuna kile cha tajiri anayetaka alipwe kwa harufu ya chakula chake, akalipwa mlio wa sarafu.

Cha kusubiri ni mechi ya mpira ya wanafalsafa, ya kundi la Monty Python la Uingereza, iliyotengenezwa mwaka 1972 kwa ajili ya televisheni ya Ujerumani. Wagiriki wanacheza na Wajerumani, Confucius ndiye mwamuzi, na Franz Beckenbauer ni mcheza mpira pekee halisi upande wa Ujerumani. Filimbi inapulizwa na wachezaji wanatembea huku wakiwaza. Dakika za mwisho Socrates anafunga kwa kichwa, na Wajerumani wanalalamika kila mmoja kwa falsafa yake: Kant na Hegel kwa maneno mazito kuhusu uhalisi, Marx anasema tu ilikuwa ofsaidi. Walimu huipenda, wakaionyesha kipindi cha kwanza cha muhula. Hapo wanafunzi huona wazee wa ndevu wamesimama uwanjani, basi. Iweke mwisho wa mada, kama marudio: kila kundi lichukue lalamiko moja na lieleze kwa nini linamfaa mwenye nalo, kisha liandike lalamiko jipya la mwanafalsafa ambaye hakupangwa kikosini.

7. Yanayokwenda mrama

Hakuna anayecheka. Usirudie klipu wala usieleze kwa nini inachekesha. Endelea na kauli ubaoni. Hoja haihitaji kicheko.

Kicheko kinageuka kelele, mtu anaanza kuiga mwigizaji. Mpe kazi aliyoianza: aje mbele aigize upande wa jirani, darasa limhoji kwa kauli alizozikubali.

Mzaha unachukuliwa kuwa ushahidi. Hili ni la hatari zaidi. Mchekeshaji akimwonyesha mwanafalsafa kuwa mpumbavu, wanafunzi huhitimisha kwamba falsafa yake ni ya kipumbavu. Ni jambo la kale: mwaka 423 KK Aristophanes, mwandishi wa tamthilia za kuchekesha, alimchora Socrates katika tamthilia ya Mawingu kama mtu wa ajabu anayening'inia kwenye kapu, na katika utetezi wa Socrates mahakamani mwaka 399 KK, kama Plato alivyouandika, tamthilia hiyo inatajwa miongoni mwa yaliyowajaza watu chuki juu yake. Kwa hiyo kila klipu inayomdhihaki mwanafalsafa iambatane na mistari mitano hadi minane ya hoja yake halisi, na swali: mchekeshaji amepotosha wapi, na amegusa wapi ukweli?

8. Ukitengeneza klipu yako

Wanachuo wanaweza kuifanya kazi hii wenyewe kwa makundi ya watu wanne. Shuleni tumia simu ya mwalimu. Maneno yasizidi 150 kwa sekunde 90. Waandike hoja kwanza, wakuonyeshe, ndipo waandike maigizo. Simu ishikwe kwa ulalo na iegemezwe kwenye kitu kisichotikisika. Mwigizaji akiwa mbali zaidi ya mita moja na nusu sauti itapotea, hivyo simu ya pili irekodi sauti ikiwa mezani karibu naye, nyuma ya kikombe. Piga kofi moja mwanzoni mbele ya simu zote mbili. Utalitumia kuoanisha sauti na picha wakati wa kuunganisha. Epuka nje yenye upepo, na ubao mweupe unaomulikwa na jua nyuma ya mwigizaji, maana uso wake utakuwa kivuli.

Alama zigawe hivi kwa 20: hoja iliyoandikwa 8, mahali pa kusimamisha palipochaguliwa na sababu yake 4, maswali matatu kwa watazamaji 5, picha na sauti 3. Uchekeshaji wenyewe usipewe alama. Ukiupa, makundi yataacha hoja na kutafuta wigi.